Pindo la Kanga ya Mama

Wapendwa, sogeeni mbele, viti vya mbele havina miiba. Leo nawapa habari za muuza magodoro mmoja. Hakuwa mtu mbaya, nawaambia mapema, msije mkamponda kabla sijamaliza.

Waandaaji wa mashindano ya tenisi ya wanawake, wale wanaocheza kwa kulipwa, walimfuata dukani. Wakamwambia, ukitudhamini kidogo, jina lako litakaa langoni. Ukiongeza, litakaa nyuma ya uwanja, ambako kamera haibanduki. Ukiongeza tena, tutawavisha wachezaji. Mzee akaongeza, akaongeza tena. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye alitaka chake kijiuze na kujitembeza pia. Siku ya fainali jina la magodoro lilikuwa kwenye kofia, kwenye taulo, kwenye kitambaa cha jasho. Kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye mkono wa kushoto wa fulana. Kwa nini kushoto? Kwa sababu mchezaji anapoanzisha mpira, mkono wa kushoto ndio unaourusha juu, na macho ya watu wote hupanda nao.

Sasa, katika fainali hiyo alikuwemo dada mmoja aliyemzika mama yake Alhamisi. Mama yule hakuijua tenisi, hata nani kashinda alikuwa akimuuliza jirani. Lakini hakukosa mechi ya mwanawe. Na kila mara alivaa kanga ileile ya rangi ya chungwa, ili binti akiinua macho amwone upesi kati ya watu. Asubuhi ile dada alichana pindo la kanga hiyo, akalifunga kwenye mkono wake wa kushoto.

Muuza magodoro akamwona anajinyoosha pembeni ya uwanja, akamwendea.

"Mwanangu, hicho kitambaa kinafunika jina."

"Ni cha mama, mzee. Tumemzika juzi. Nikirusha mpira nikakiona, nitajua yupo."

"Pole sana, mwanangu. Mungu ailaze roho yake mahali pema. Lakini mkono huo umeshalipiwa."

"Basi nikifunge wapi?"

Ndugu zangu, angefunga wapi? Kichwani kuna kofia yenye jina. Kwenye kifundo cha mkono kuna kitambaa cha jasho chenye jina. Mkono wa raketi ukiubana hauchezi. Mzee akanyoosha kiganja, kwa upole kabisa, akasema, "Nipe nikutunzie." Dada akafungua fundo, akampa.

Wakacheza. Kila aliporusha mpira, dada aliinua macho akaona magodoro. Alishindwa, lakini hilo silo la kulilia, kwenye mchezo lazima mmoja ashindwe.

Kule kwenye hema la wadhamini mgeni mmoja mkubwa alimwaga juisi juu ya bango, pale palipoandikwa jina. Mzee akashika kitambaa cha kwanza kilichokuwa karibu, akafuta. Jina likang'aa. Kitambaa akakitupa kwenye pipa, akaendelea kusalimiana na watu.

Mechi ilipokwisha dada akaja. "Mzee, naomba kile kitambaa changu."

Hapo ndipo mzee alipokumbuka. Wakalifuata pipa wote wawili. Dada akainama, akakitoa chini ya mifupa ya kuku, kimelowa, kinanata. Alikipeleka puani, akakinusa, akakinusa tena.

"Nitakununulia kanga mpya," mzee akasema. "Doti kumi, za rangi hiyohiyo!"

"Nilikuwa sijakifua," dada akasema. "Makusudi."

Naona mnafuta macho. Naona na wengine mnatikisa vichwa, mnasema ee, matajiri hawa! Haya. Mwezi jana tulimzika kijana wetu wa kwaya. Mama yake alikuwa amelala juu ya jeneza, amelikumbatia. Ni nani aliyemgusa bega akamwambia, "Mama, sogea kidogo, wachangiaji wapige picha na shada lao"? Alikuwa muuza magodoro? Tulikuwa sisi. Shada lilikuwa letu, na utepe wake uliandikwa jina la kikundi chetu kwa herufi za dhahabu. Na mama alisogea. Tulimwambia pole, akasogea.

Picha tunazo. Zile dakika za mwisho na mwanawe, nani atamrudishia?

Leo tukitoka hapa tunakwenda kwenye msiba wa jirani yetu nyuma ya soko. Utepe wa shada la leo uacheni kwenye gari. Tuingie, tukae chini kwenye mkeka, asiombwe mtu kusogea. Na wakituuliza ninyi ni kikundi gani, tuseme sisi ni majirani.