Nguchiro na Kigoda cha Kivukoni

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, mto haukuwa na daraja. Nyani akamwomba Kiboko avushe wanyama mgongoni. Akamwajiri Nguchiro, mfanyakazi wa kwanza na wa pekee. Nguchiro akaita abiria, akapanga foleni, akafuta tope, akagombana na Ngiri aliyetaka kukaa mbele.

"Vumilia, binti," Nyani akamwambia. "Tukikua, kigoda cha ukuu ni chako."

Kila asubuhi Nguchiro alianzia kwa Kiboko. Shikamoo, marahaba. Habari za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Nzuri. Za mgongo? Hapo ndipo Kiboko aliposema kweli. Mgongo ukiuma, siku hiyo nyati hapandi.

Kivuko kikakua, kikafurika. Nyani akatoa kigoda, akampa Twiga. Eti anaona mbali.

"Mbali wapi, na mto ni huu hapa?" Nguchiro akauliza. "Mimi nimelala na tope, yeye kaja na shingo tu, mnamkalisha?"

Wakacheka. Wakasema ana mdomo. Kweli alikuwa nao, na hakuufunga.

Twiga akafuta salamu, zinachelewesha abiria. Akapandisha nyati, akapandisha nyati mwingine, na Nyani juu yao. Kiboko hakuulizwa za mgongo. Katikati ya mto akazama. Chubwi! Nyani akanywa maji mpaka tumbo likawa ngoma. Twiga ukingoni akaona mbali kweli: akaiona njia ya kwao, akaifuata.

Nyani, huku akikohoa, akamkabidhi Nguchiro kigoda.

Kigoda kitamu, jamani. Nguchiro akakaa. Akakaa tena. Salamu za Kiboko akamwachia Kasuku. Kasuku akauliza, akajijibu mwenyewe, "Za mgongo? Nzuri," akaruka zake.

Siku moja Nguchiro akataka kuvuka kikubwa. Kigoda mgongoni kwa Kiboko, yeye juu ya kigoda, shingo kaivuta utadhani Twiga. Katikati ya mto, chubwi! Kigoda kikaenda na maji. Nguchiro akaogelea, akatoka ameloa chapachapa. Ngiri akamwuliza kama na yeye ameona mbali.

Nguchiro akajikung'uta maji. Akamfuata Kiboko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe bado unanijua?"

"Habari za mgongo?"

"Unauma, mwanangu. Kigoda chako kina miguu mitatu, na yote inachoma."

Nguchiro hakuchonga kigoda kingine. Ukuu akabaki nao, akaongoza kivuko akiwa amesimama, na asubuhi yake ikaanzia kwa Kiboko kama zamani.

Basi, wakubwa kwa wadogo: cheo chako kidai, usione haya. Ila ukikipata, kazi iliyokupandisha usimwachie kasuku.

Hadithi yangu imevuka mto, imeishia hapo. Anayetaka kurudi ng'ambo, amsalimie kwanza Kiboko.