Ngwali Mpaka Chokaa na Vyumba Vitatu vya Sultani

Hapo zamani, mji wa Shangamu ulipokuwa bado na sultani wake, na sultani huyo akiwa na vyombo vya mji mzima, palikuwa na mtu mmoja akiitwa Ngwali. Kazi yake ilikuwa kupaka chokaa nyumba za watu, kwa brashi aliyoitengeneza mwenyewe kwa makumbi ya nazi. Nyumba za wenziwe ziling'aa, na yake ilikuwa udongo mtupu, maana chokaa haikupata kumbakia hata ya ukuta mmoja. Alikuwa maskini wa kweli, si wale maskini wa kujifanya, ila Mungu alimpa ulimi, na ulimi ule haukujua kukaa kimya.

Sultani mwenyewe aliitwa Shehale. Hazina yake ilijaa hadi mlango haufungiki vizuri, lakini alikuwa na mkono wa birika, na hakupata kununua hata mto wa kuegemea. Njia yake ya kulipamba jumba ilikuwa nyingine. Desturi ya Shangamu ni kwamba mtu akiwa na arusi au matanga, majirani humwazima mikeka, sahani, mito na mataa, avipambe vyumba vyake asiaibike mbele ya wageni. Siku saba zikiisha, kila chombo hurudi kwa mwenyewe pamoja na kipande cha halua, kwa kuwa ni aibu kurudisha chombo kitupu. Shehale aliipenda sana ile nusu ya kwanza ya desturi, ya kuazima. Ilipofika nusu ya pili, kila mara alikuwa na shughuli.

Basi ikawa kila palipokuwa na jambo katika jumba lake, mjumbe hupita mlango kwa mlango, kanzu safi, maneno matamu, akinena kwamba bwana mkubwa anakuombeni mumwazime hiki na kile kwa siku saba tu. Nani angemkatalia? Yakaenda mazulia, zikaenda sahani za kichina zilizokuwa katika vidaka vya ukutani, vikaenda viti na masanduku. Miaka ikapita, na mjini watu wakawa wanakula kwenye majani na kukaa chini.

Kwa Ngwali kulitoka kitanda. Kilikuwa kitanda cha miguu iliyokerezwa, ambacho mkewe Mize aliachiwa na mama yake, na ndicho kitu pekee cha thamani katika nyumba ile. Kiliombwa kwa arusi ya dada yake Sultani, na sasa ulikuwa mwaka wa sita. Mize alizaa watoto wawili chini, juu ya mkeka, na hakulalamika kwa sauti, ila pale kitanda kilipokuwa kimesimama hakupaweka kitu kingine chochote. Ngwali alipaona kila alipoingia, na moyo ulimuuma.

Hata siku moja habari zikaenea kwamba Sultani Zahidi wa Kiundwi, mtawala wa mji jirani na tajiri mkubwa, atakuja siku ya Ijumaa kumtazama Shehale, maana Shehale alikuwa amemposa binti yake. Mjumbe akatoka na kanzu yake safi kwenda kuazima, akarudi mikono mitupu, kwani nyumbani mwa watu hamkubaki cha kuazimwa. Ngwali alikuwa barazani na wenziwe, akasema kwamba mjumbe asichoke, bado kuta zipo, na bwana mkubwa akizitaka, yeye Ngwali atazipaka na chokaa kabisa. Watu wakacheka, na Waziri Badi, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza vicheko vya watu, akalipeleka neno lile kwa bwana wake kabla halijapoa.

Ngwali akaitwa. Akakuta Shehale ameketi juu ya mito kumi na miwili, na kila mto una mwenyewe mjini.

Shehale akanena, "Ewe mpaka chokaa, nasikia wewe ni mwingi wa maneno. Basi nitakupa kazi ya kulingana na maneno yako. Ninavyo vyumba vitatu vya wageni, na macho yangu yamevichoka. Nataka uvigeuze, nikirudi nisivitambue. Hazina yangu haitatoa kitu, wala wewe usinunue kitu, maana sitaki kusikia kesho kwamba nina deni lako. Ijumaa nikiingia nikavitambua, nyumba yako nitaibomoa, na miti yake itapikia pilau ya arusi."

Ngwali akainamisha kichwa. Akauliza kama ataruhusiwa kuhamisha vyombo apendavyo. Shehale akasema ahamishe. Akauliza pia habari ya walinzi wa lango, kwa kuwa walikuwa wakali na humsumbua kila mwenye mzigo. Shehale, akiwaza moyoni kwamba huyu bwege ameona njia ya kuukamua mji tena, akafurahi, akaamuru iandikwe na kupigwa muhuri: Ngwali na kila achukuacho, na kila aliye pamoja naye, wapite langoni wasiulizwe neno.

Kisha Shehale akaenda shambani kwake pamoja na waziri, kwa siku tatu, kwa sababu vumbi la chokaa lilimkohoza. Sultani aliyewakohoza watu miaka yote ile hakustahimili vumbi la siku moja.

Ngwali akarudi kwake, akamweleza mkewe. Mize akashikwa na hofu, akasema nyumba hii ni ya udongo lakini ndiyo tuliyo nayo, na watoto je, watalala wapi? Ngwali akamwambia awaite wanawake wa mtaa, na kila mmoja aje langoni kwa Sultani kesho asubuhi akiwa na mtu wa kumsaidia kubeba. Mize akamtazama usoni, akaelewa, akafunga leso yake kiunoni na kutoka.

Asubuhi yake mji ulikuja. Mkuu wa walinzi alipoona umati akashika mkuki, lakini Ngwali akamwonyesha karatasi yenye muhuri. Yule mkuu akaisoma mara mbili. Miaka yote alikuwa amezoea vitu viingie, na kwenye karatasi hapakuandikwa kuingia wala kutoka, paliandikwa kupita. Tena humo ndani palikuwa na zulia la mama yake mzazi. Basi akauegemeza mkuki ukutani, akaenda kulitafuta.

Ikawa kazi kubwa. Kila mtu alikijua chake, huyu kwa ufa, huyu kwa doa, huyu kwa mshono aliouweka bibi yake. Vyumba vitatu vikatolewa karibu kila kitu, na ghala la nyuma pia, lililosongamana vyombo ambavyo Sultani hata hakuvitumia, alivirundika tu vioze. Watu wakapita langoni na mizigo yao tangu asubuhi hata alasiri. Kitanda cha Mize kilikutwa ghalani, mguu mmoja umetafunwa na mchwa, juu yake wamepanda kuku. Mize alikipangusa kwa ncha ya leso, akakaa pembeni mwake, akalia palepale mbele za watu, wala hakuona haya. Kisha akanyanyuka na kushika upande wa mbele.

Vyumba vilipokuwa vitupu, Ngwali akaanza kazi yake. Alikuwa na masalia ya chokaa, makombo ya nyumba hii na ile, yaliyoganda ndani ya vifuu. Akayaponda, akayatia maji, akapaka kuta zote, vidaka vyote, mkono mmoja halafu wa pili, hata vyumba vikawa vyeupe kiasi cha kumtia mtu kiwi cha macho. Hakununua kitu, na hazina haikutoa kitu.

Katika chumba cha tatu vilibaki vitu viwili. Kimoja ni mtungi wa maji wenye mdomo uliovunjika, ambao kila mtu aliapa si wake, na mzee mtunza jumba, jina lake Mabruki, akathibitisha kwamba ule ni wa Sultani mwenyewe, alikuwa nao tangu kwa wazazi wake. Cha pili ni taa ya shaba, kubwa, ya minyororo mitatu, iliyoning'inia darini. Hiyo nayo hakuna aliyeidai. Mabruki akamnong'oneza Ngwali jambo, na Ngwali akacheka, akasema basi taa ikae hapohapo, ila isuguliwe vizuri. Mwisho akaenda kwake, akarudi na mkeka wake, ule ule walioulalia miaka sita, akautandika katikati ya chumba, mgeni asikae chini.

Ijumaa ikafika. Shehale akarudi kutoka shambani, na kwa kuwa alikutana na mgeni wake njiani, wakaingia mjini pamoja. Njia nzima alikuwa akimsifia vyumba vyake, na namna alivyovigeuza bila ya israfu. Wakaingia chumba cha kwanza. Shehale akasimama. Wakaingia cha pili, naye akaharakisha hatua. Wakaingia cha tatu, wakauona mtungi, mkeka na taa, na Ngwali amesimama mlangoni na brashi yake, amevaa kanzu iliyokatika mikono.

Zahidi akatazama kuta, akatazama sakafu, akainua macho juu. Kisha akanena, "Taa hii naijua. Ni ya marehemu mama yangu. Alikuazimeni kwa matanga ya baba yako, na mimi mwenyewe niliileta, nikiwa kijana. Ilikuja kwa siku saba, na huu ni mwaka wa ishirini."

Shehale hasira zake akazielekeza kwa maskini, kama ilivyo kawaida ya wakubwa. Akapiga kelele kwamba jumba limeibwa, na kwamba nyumba ya huyu baradhuli ibomolewe saa hii hii.

Ngwali akasema kwa upole, "Bwana wangu, hapajaibwa kitu. Nimetoa kisicho chako, na chako nimekiacha." Akauonyesha ule mtungi. "Uliniamuru nivigeuze vyumba usivitambue. Basi sema mbele ya mgeni wako, unavitambua? Ukisema huvitambui, kazi yangu imetimia. Ukisema unavitambua, kwamba hivi ndivyo vyumba vyako hasa na hii ndiyo mali yako, mimi natoka nikabomoe mwenyewe."

Shehale akamtazama waziri wake. Waziri Badi, ambaye hakukosa neno siku zote, alikuwa akiuchunguza ukuta kama mtu anayetaka kununua nyumba. Mwisho Shehale akanena kwa sauti ndogo, "Sivitambui."

Hapo Zahidi akaangua kicheko, akacheka hata akatafuta kiti, na kwa kuwa kiti hakikuwapo, akakaa kwenye mkeka wa Ngwali. Shehale naye, asiweze kusimama mgeni amekaa, akaketi karibu naye. Ngwali akaombwa aketi pia. Hivyo wakakaa watatu juu ya mkeka mmoja, na katika hao mmoja tu ndiye aliyekaa juu ya kitu chake.

Zahidi alipofuta machozi ya kicheko, akasema maneno ambayo mji uliyakariri muda mrefu. "Ndugu yangu Shehale, nilikuja kukupa mwanangu. Lakini nimeona desturi ya jumba hili, na mimi ni baba. Taa nimeisubiri miaka ishirini. Binti yangu akiingia humu, mama yake atamwona tena lini?"

Shehale akainama, na safari hii aibu ilimpata kwelikweli, kwa maana alimtaka yule binti, naye hakuwa na mwingine wa kumlaumu. Zahidi akamwambia akae mwaka mmoja asiazime hata kijiko, anunue vyombo vyake kwa fedha yake, ndipo apeleke posa upya. Akateremsha taa ya mama yake, akaikabidhi kwa watu wake, akaaga kabla ya pilau. Nyumba ya Ngwali haikuguswa, kwani Sultani alikwisha sema kwa kinywa chake mwenyewe.

Hata asubuhi ya pili yake, Ngwali akaenda kwa Sultani. Akamkuta peke yake katika chumba cheupe, amekaa palepale mkekani, mtungi ubavuni mwake. Ngwali akamwamkia kwa adabu zote, akanena, "Bwana wangu, samahani. Nimefuata mkeka wangu."

Shehale akamkodolea macho. Kisha akainuka, akasogea kando, akasimama ukutani huku Ngwali akiukunja mkeka polepole na kuuweka begani. Lakini Ngwali hakuondoka. Akasimama mlangoni, akisubiri.

Shehale akamwuliza anangoja nini tena.

"Halua, bwana wangu," akajibu Ngwali. "Ndiyo desturi."

Sultani akatazama chini, halafu, na hili lilimshangaza Mabruki aliyekuwa ukumbini, akaanza kucheka mwenyewe, kicheko kidogo chenye uchungu. Akaagiza halua iletwe. Kikaletwa kipande kizuri, bado kina joto, juu ya jani la mgomba, kwa kuwa sahani zote zilikuwa zimekwenda kwao. Ngwali akaipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo nyumbani, na yeye na Mize na watoto wakaila wakiwa wamekaa kitandani.