Jina la Sakafu ya Diwani

Hapo zamani, sogeeni na msinikatize, katika mji mmoja wa pwani paliishi Bi Mwanamvua, msusi wa mikeka. Mumewe alikuwa kafa. Mwanawe wa pekee, Somoe, naye akafa, wiki ile ile ya harusi yake. Upweke ulimla mama wa watu. Akawa anazungumza na ukili aliokuwa akiusuka, maana hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Kwa ajili ya harusi ile alikuwa amebuni ususi mpya, mistari inayokutana pembe kwa pembe, akauita Somoe. Si mnajua kila ususi una jina lake?

Basi Diwani wa mji alikuwa na mahali pa kuamulia kesi. Mjenzi mmoja, jina lake Mcha, alipazungushia ua mdogo, watu wakapaita kitalu. Ndani vumbi tupu. Siku moja Vuai seremala akauona mkeka wa Bi Mwanamvua umeanikwa. Akachonga vipande vya mvule, akavipanga mle kitaluni vivyo hivyo, pembe kwa pembe. Wallahi ilipendeza. Kila mgeni akawa anauliza, "Sakafu hii yaitwaje?" Diwani akawaita Mcha, Vuai na Bi Mwanamvua, kila mmoja aseme jina analolitaka.

Mcha akasema, "Iitwe kitalu. Ua niliujenga mimi, na neno limeshakaa vinywani mwa watu. Nani atalitoa?"

Vuai akasema, "Iitwe Vuai. Magoti yangu yameota sugu kwa sakafu hii. Sina mtoto, Diwani. Nikifa nani atanitaja?"

Bi Mwanamvua akasema, "Iitwe Somoe. Mbao kazichonga Vuai, ua kaujenga Mcha, sikatai. Lakini ususi ni wa mwanangu. Tangu nimzike hakuna anayemtaja mbele yangu, wanaogopa nitalia. Na nilie, Diwani. Nataka kulisikia jina lake, hata kwa mgeni asiyemjua."

Diwani akainamisha kichwa. Nje watu walikuwa wakiulizana, kitalu kimekuwaje, kitalu kimeamua nini, na Bi Mwanamvua akiwasikia.

Hapo ndipo mimi nilipokomea. Nyinyi hodari wa maneno, msiniachie mzigo huu peke yangu. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kuipa sakafu jina?