Naomba Kaa la Moto

Haya, sogeeni. Wewe mwenye muwa, acha kutafuna, utanipotezea maneno. Nikisema "Kale", itikieni "Ilikuwapo".

Kale!

Ilikuwapo!

Kale ya kale, kabla kiberiti hakijaijua njia ya milima yetu, moto ulikuwa kitu cha kuombana. Wako ukizimika, unachukua kigae, unakwenda kwa jirani, unapewa kaa.

Alikuwapo mwanamke, Nakijwa, mke wa Mrutu mfua vyuma. Asubuhi moja aliamka, moyo wake haukuamka. Je, alifiwa? Hakufiwa. Alipigwa? Hakupigwa. Aliugua homa? Wala. Shamba lilikuwa na mahindi, mwanawe Kiete alikuwa mzima, na bado alilala akiutazama ukuta, mwili mzito, chakula hakina ladha. Mnacheka nini? Hayo yapo, tena yakija hayabishi hodi.

Watu wakasema, "Mvivu huyo." Wakampigia ngoma ya kupunga pepo, akalia. Mafiga yakapoa siku moja, siku mbili, siku tatu. Mrutu akachoka.

"Nakwenda gulioni," akasema. "Nikirudi nikikuta mafiga baridi, nitakupeleka kwa baba yako. Kiete atabaki."

Nakijwa alitaka kuinuka. Nawaambia, alitaka! Miguu ilikataa, na hilo lilimuumiza kuliko yote.

Mara akaingia jirani yake, Namcharo, mwanamke wa maneno makavu, mkononi kigae chenye makaa. Akawasha moto, akaketi kando ya kitanda.

"Sikuambii ucheke," akasema. "Sikuambii uende shambani. Kwangu paa linavuja, moto haukai. Kila asubuhi nitakuja kukuomba kaa. Ukiuzima huu, wanangu watashinda njaa."

"Siwezi, mwenzangu."

"Kufukia gogo kwenye jivu huwezi? Basi tutafukia wote."

Wakafukia wote. Mrutu aliporudi akaona moshi, akatua mzigo, habari ya kumpeleka kwao ikaishia hapo.

Kesho yake: "Hodi, naomba moto." Kesho kutwa: "Hodi, naomba moto." Siku nyingine Nakijwa alitoa kaa akarudi kulala. Siku nyingine alitoa kaa, akaketi mlangoni akiota jua. Siku nyingine akasema yaliyomo moyoni, na Namcharo hakumkatiza, wala hakumwambia kuna wenye shida kubwa kuliko zake. Moyo ukarudi polepole, leo mbele, kesho nyuma.

Asubuhi moja Nakijwa akatoka nje, akatazama kwa Namcharo. Moshi! Unafuka paani, mnene, na mwenyewe yuko njiani anakuja na kigae.

"Kumbe moto unao!"

"Ninao. Sijazimikiwa hata siku moja."

"Umenidanganya miezi miwili?"

"Ningekuambia amka, ungeamka?"

Nakijwa akacheka, kisha akalia, wakakumbatiana.

Mnadhani yameisha? Masika yaliyofuata ule uzito ulirudi. Lakini safari hii Nakijwa hakuugeukia ukuta. Alimwachia Mrutu gogo alifukie, akachukua kigae kitupu, akavuka ua. Nyuma yake moto wake ulikuwa ukiwaka.

"Hodi. Naomba moto."

Namcharo akautazama moshi wa kwa Nakijwa, akaelewa. "Karibu, mwenzangu. Keti."

Wajukuu wangu, moyo ukipoa si uvivu. Usimgombeze aliyezimikiwa, kaa naye. Na ukizimikiwa wewe, usione haya, bisha hodi. Figa moja haliinjiki chungu.

Kale imekwenda zake, kigae nimekirudisha kwa wenyewe. Sasa wewe wa muwa, nikatie kipande.