Sindano ya Umm Ghaylan

Wamepokea waliotutangulia kwamba jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ya Suwaid bin Hizam lilikuwa kushonewa joho. Mkewe Lubaba, Allah amrehemu, alikuwa amefika katikati ya mkono uliochanika ngoma ya vita ilipolia. Suwaid akanyanyuka, sindano ikining'inia.

“Sindano ya Umm Ghaylan hiyo, bwana! Uirudishe mwenyewe, la sivyo atanisema mtaa mzima.”

Lubaba akaichomeka kwenye kitambaa isidondoke, na wote wawili wakacheka.

Zilikuwa zama za fitina, Waislamu wakipigana wao kwa wao. Wana wa jirani huyo Umm Ghaylan walikuwa katika jeshi la pili. Jeshi la Suwaid likashindwa, likarudi nyuma miezi miwili. Njiani ikamfikia habari kwamba Lubaba amefariki kwa homa na amekwisha kuzikwa. Akasema, “Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.” Tangu hapo hakumruhusu mtu amalizie mshono ule.

Siku ya kivuko, walipobanwa mtoni, safu zao zikavunjika. Watu walitupa ngao, wakavua majoho mekundu yaliyokuwa alama yao, wakajitosa.

“Vua, Suwaid!” sahibu yake Jundub alipiga kelele. “Hilo joho ni kaburi lako!”

Hakuvua. Akakamatwa.

Amiri wa washindi akamtazama. “Wenzako wamekimbia uchi kama samaki. Wewe na wekundu wako, ndio ushujaa huo?”

“Hapana. Humu mna sindano ya jirani, nami niliagizwa niirudishe. Wanawe wako jeshini mwako.”

“Sindano yatosha kiganjani. Joho la nini?”

Suwaid angeweza kujificha nyuma ya amana ile. Lakini akasema kweli: “Joho si amana. Mkono wa mke wangu uliishia hapa, nami nimeshindwa kupaacha.”

Amiri akainamisha kichwa. “Mwacheni aende kwake.”

Ndugu zangu, subira haituondolei hamu ya tuliyempoteza. Hutuzuia tu kukishikilia cha mwingine kwa ajili ya hamu hiyo.

Suwaid alifika jioni, akalala katika nyumba tupu. Asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri, aliukata uzi taratibu, akabisha kwa Umm Ghaylan.

“Lete nikumalizie mkono huo, mwanangu,” alisema ajuza yule.

“Allah akulipe, mama. Uache hivyo.”

Akamwekea sindano kiganjani, akashika njia ya makaburini.