Nguchiro na Kampuni ya Sauti Moja

Hapo zamani za kale, wanangu, ila si kale mno, maana wanyama walikwisha kujua kubonyeza simu, Simba aliuzungushia mto senyenge. "Atakaye maji alipe!" akanguruma.

Wanyama wakaandamana. Mbele alikuwa Bi Nyati, muuza uji, mwenye kifua kama mlango wa ghala. Darajani fisi wa Simba walimpiga rungu, kwacha! Pembe moja ikavunjika. Hakurudi nyuma.

Chumba cha uani kwake alipanga Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa vidole. Ndiye aliyetengeneza programu ya simu, akaiita Sauti Moja.

Ting! "Fisi wako darajani, piteni bondeni!"

Ting! "Swala anavuja damu, nani ana bandeji?"

Ting! "Mleteni kwangu," hujibu Bi Nyati.

Hivyo ndivyo walivyomshinda Simba. Senyenge ziling'olewa, wakanywa maji huku wanalia.

Siku chache baadaye Nguchiro akaja jikoni.

"Shikamoo, Mama Nyati."

"Marahaba, mwanangu. Nikumiminie uji?"

"Mama, umoja wetu usipoe. Tuufanye kampuni, na wote walioandamana wawe wenye hisa. Mniandikie tu nani anakaa wapi, nani rafiki ya nani, mnapita njia gani."

"Njia za nini tena? Mto si umefunguliwa?"

"Aa, Mama! Za kupelekeana mboga na dawa. Waambie wewe. Wakisikia ni wewe, hawataniuliza."

Bi Nyati akawaambia wote waliokuja kunywa uji. Kweli, hakuna aliyeuliza. Nguchiro naye akahama, akaingia jengo la vioo.

Kiangazi kilipokaza, Simba akarudisha senyenge. Bi Nyati akaandika kwenye Sauti Moja: "Kesho asubuhi, tupitie bondeni." Ting! Ting! Ting! Wakaitikia.

Walipofika bondeni, lo! Fisi wameketi, wanawangoja. Hawakuhangaika kumfukuza yeyote. Walikamata kwa majina.

"Wewe Digidigi, wa nyumba ya mkuyuni! Na wewe Kanga, rafiki yake!"

Digidigi alimtazama Bi Nyati mara moja tu, akaburutwa.

Bi Nyati akatimka, du! du! du! mpaka jengo la vioo.

"Nguchiro! Umetuuza kwa Simba?"

"Haki ya Mungu, Mama, sikuwauza ninyi. Nimeuza kampuni."

"Na ndani ya kampuni mlikuwa na nini?"

Nguchiro akasema kwa sauti ndogo, "Mlikuwemo ninyi."

Bi Nyati akainua kwato amponde. Fisi wawili wakajitokeza nyuma ya kioo. Akaishusha.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Digidigi.

"Hodi! Hodi, mke wa Digidigi!"

"Nani?"

"Mimi, Nyati. Fungua, mama, tutafute njia ya kumtoa."

Akasikia komeo likisukumwa kwa ndani, kacha!

Umoja ni ngao, wanangu, na anayeiuza ngao huwauza na waliosimama nyuma yake.