Jina la Kwanza kwenye Makala ya Mto Mbalisi

Kaeni vizuri mnisikilize, maana nikifika mwisho kesi hii nitawaachia ninyi.

Palikuwa na mwalimu wa takwimu katika chuo kikuu kimoja, Dakta Sikudhani Mbwilo, mwanamke asiyesifu ovyo. Mwanafunzi akipata alama zote, yeye humwambia tu, "Endelea hivyo." Lakini mwaka ule alikuwa na wanafunzi watatu ambao kila akiwatazama alijikuta akitabasamu peke yake. Tusekile alijua kukaa na watu: angeingia nyumba asiyoijua, na kabla chai haijapoa angekuwa ameshaambiwa mambo ya ukoo mzima. Bahame alijua hesabu. Alizitazama namba kama mfugaji anavyotazama ng'ombe wake, akajua ipi inaumwa. Zamaradi alijua maneno, na alijua kuitumia akili mnemba, ile programu unayoiuliza ikakujibu kwa maandishi, bila kuiogopa wala kuiabudu.

Watatu hao walitaka kujua kwa nini watoto wengi wa bonde la mto Mbalisi hawamalizi chanjo. Zahanati ilikuwa moja tu, upande wa mashariki wa mto, na kila mtu alisema sababu ni umbali.

Madodoso ya upande wa magharibi yalirudi matupu. Akina mama walihofia kugombezwa, wakajibu kwamba hawajui. Tusekile akarudi huko peke yake. Safari hii hakutangulia na maswali. Alikaa chini akamenya nao karanga, akapakata watoto, akawaeleza kwamba majina yao hayataandikwa popote. Ndipo wakasema. Alirudi chuoni viatu vimeharibika kwa matope, lakini magharibi yote ilikuwa imejibu.

Hesabu za mwanzo zilisema kama watu walivyosema: ni umbali. Wenzake Bahame wakafurahi, yeye akakosa raha. Akazigawa namba upya, mashariki peke yake na magharibi peke yake, na umbali ukanyamaza. Mama wa mashariki aliyeishi mbali kabisa alikuwa amemaliza chanjo za mwanawe. Mama wa magharibi, anayeiona zahanati kutoka mlangoni kwake, hakuwa amemaliza. Kumbe namba zilikuwa zikiunyooshea kidole mto wenyewe, uliomtenga mama huyo na zahanati.

Wakaandika makala kwa Kiingereza cha kuungaunga, na jarida likairudisha: wahakiki wake hawakuelewa kilichogunduliwa. Zamaradi akaichukua rasimu ile, akaiomba akili mnemba imsaidie kuipanga. Ikampa kurasa laini, zinazoteleza. Mwingine angezituma vilevile. Yeye alizipitia sentensi kwa sentensi, akakuta imetaja utafiti ambao, alipoutafuta, haukuwahi kuwapo. Akakuta pia imeandika kwamba mto ndio unaosababisha watoto kukosa chanjo, ilhali takwimu zao zilithibitisha uhusiano tu. Akafuta, akauliza upya, akabishana nayo, na mwisho akaandika kwa maneno yake mwenyewe. Mwishoni mwa makala akaeleza waziwazi ni wapi programu ilisaidia.

Jarida likaikubali. Wilaya nayo, iliposoma muhtasari, ikaanza kupeleka kliniki ya chanjo upande wa magharibi. Dakta Sikudhani alikwenda kuiona. Akina mama walipanga foleni nje ya shule ya msingi, kadi za watoto mkononi, na mwalimu yule akavua miwani akajifanya anaifuta vumbi.

Ndipo jarida likataka mpangilio wa majina. Katika usomi, jina la kwanza ndilo linalotajwa popote makala inapotajwa. Waliobaki huitwa "na wenzake". Mwalimu akawaita wote ofisini.

Tusekile alisema bila majibu ya wale mama pasingekuwa na cha kuhesabu. Bahame alikubali, ila akauliza: kama angewaachia jibu la umbali, si wilaya ingetengeneza barabara upande usiohitaji? Zamaradi alijua kuna waliokuwa wakinong'ona kwamba kazi yake imefanywa na mashine.

"Mashine ilitaka tuseme uongo kwa Kiingereza kizuri," alisema. "Mimi ndiye niliyekataa. Na bila mimi, Mwalimu, makala hii ingekuwa bado kwenye droo yako."

Hakuna aliyempinga mwenzake, na hilo ndilo lililomzidishia mwalimu kazi. Akapendekeza wapige kura ya bahati. Bahame akatikisa kichwa.

"Bahati tunaisoma darasani, Mwalimu, lakini hili tusiiachie. Utakaloamua tutalipokea."

Dakta Sikudhani akawatazama mmoja mmoja, kisha akatamka neno ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kulisikia kinywani mwake: "Najivunia ninyi, wanangu." Akawaomba watoke.

Alipobaki peke yake aliweka vidole juu ya kibodi, mahali pa jina la kwanza pakiwa wazi mbele yake. Alianza na herufi ya Tusekile, akaifuta. Akaandika ya Bahame, akaifuta. Akaandika ya Zamaradi, akajiuliza kama anasita kwa haki au kwa sababu ya minong'ono, akaifuta nayo.

Mpaka sasa hajaandika, na jarida linasubiri. Ninyi mmesikia yote aliyoyasikia yeye. Haya, semeni: ungekuwa wewe umekaa kwenye kiti kile, ungeanza na jina la nani?